Nilimsikia nesi akisema "nimemfungia, na sifungui": yaliyonikuta na mjomba wangu hospitali ya Korogwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Handeni, wa Korogwe na mliotawanyika kutafuta maisha.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinanishangaza. Naanza na hilo ili mnijue mapema.

Nimepasua mbao porini na msumeno wa watu wawili huku simba ananguruma upande wa pili wa korongo. Nimeona maiti akikaa kitako kwenye jeneza (hakuwa amekufa, alizimia). Shule niliishia darasa la pili, lakini wenye vyeti vyao walikuwa wananisubiri mlangoni kwangu asubuhi kuomba mbao za paa. Sikurithi kitu. Kila nilichonacho nilikitoa kwenye mikono hii inayobonyeza simu sasa hivi.

Sasa jana humu kuna mtu kaanzisha uzi kwamba manesi wa wodi za mahututi wana roho za chuma. Kwamba mgonjwa anakata roho, nesi anatandika kitanda kama vile hakuna kilichotokea.

Nimesoma komenti zote. Wengi mmeunga mkono.

Na mimi niliwahi kusema hivyo, tena mbaya zaidi. Nilimwita nesi mchawi. Kwa hiyo leo natoa ushuhuda wangu. Nitaandika yaliyotokea, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, ingawa haikutokea mara nyingi.

Twende.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nina wake wawili na pikapu.

Kwa vijana msiojua: watu waliambiwa waache makazi yao ya zamani huko maporini wakajenge kwa mistari kwenye kijiji kipya. Nyumba za zamani zikabaki zimesimama tupu. Wengine walibomoa wakabeba nguzo, wengine waliacha kila kitu.

Mimi nikaona kazi hapo. Nikawa nazunguka Handeni nzima nanunua milango, madirisha, mbao za dari za wale waliokuwa nacho kidogo. Napeleka kijiji kipya nawauzia wanaojenga. Mwenyekiti wa kijiji aliniita mlanguzi mkutanoni, kisha jioni yake akaja kuchukua mlango wa nyumba yake. Watu wakaniita Bwana Mbao na jina likanikaa mpaka leo, ndiyo mnaloliona hapo juu kwenye akaunti.

Mbao za zamani zina misumari. Hapo ndipo habari inapoanzia.

Nilikuwa na mjomba, Mjomba Mhina, kaka yake mama. Nyie Wazigua wenzangu mnajua mjomba ni nani kwetu. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, yeye ndiye aliyenifundisha kushika msumeno. Nimesema juu huko kwamba sikurithi kitu. Basi, nilirithi hilo.

Mjomba alikuwa anakuja uani kwangu kung'oa misumari. Sikumlipa, hakutaka. Alikuwa anainyoosha juu ya jiwe, anaipanga kwenye kopo kwa ukubwa wake, anasema msumari ulionyooka ni nusu ya nyumba.

Aliniambia mara mbili: "Mbao usizitupe chini misumari ikiangalia juu. Zigeuze."

Nilikuwa na haraka. Sikuzigeuza.

Akakanyaga mmoja. Uliingia kwenye nyayo, si sana. Nilimwambia, mjomba, msumari tu huo, tia mafuta ya taa. Akatia mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Kidonda kikafunga.

Baada ya siku kama nane akashindwa kufungua mdomo kula ugali. Tukacheka, tukasema mzee kanuna. Kesho yake shingo ikakaza. Mkewe, Mama Zaina, akamgusa begani tu kumwamsha, mzee akapinda mgongo kama upinde, meno yameng'atana, na macho yako wazi anatuona wote.

Anajua kila kitu. Hawezi kusema kitu.

Hapo ndipo maneno yakaanza kijijini. Amefungwa huyu. Kafungwa taya, kafungwa shingo, anafungwa kidogo kidogo kwenda chini.

Na ugonjwa wenyewe unaitwa pepopunda. Jina tu lina pepo ndani yake. Mnategemea watu waseme nini?

Mimi nilimpakia kwenye pikapu, juu ya magodoro matatu, nikampeleka Korogwe. Njia nzima naendesha kama nimebeba mayai. Kila shimo mzee anapinda. Nilifika shati limeloa kama nimeogelea.

Hospitali ilikuwa na chumba kimoja mwisho wa wodi kwa wagonjwa wa namna ile. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, giza mchana kweupe. Daktari akanieleza kwa kifupi. Mgonjwa huyu mwanga unamshtua, kelele inamshtua, mguso unamshtua, na kila akishtuka anakaza, na siku atakayokaza kifua ndiyo mwisho. Kazi ni kumlaza kimya, sindano kwa saa, chakula kwa mpira wa puani, mpaka sumu iishe mwilini. Asihamishwe. Hilo alilirudia. Akihamishwa amekufa.

Nilimuuliza siku ngapi. Akasema wiki mbili, au tatu, kama atafika.

Mle ndani manesi walikuwa wanatembea pekupeku. Makopo ya dawa wameyavisha vitambaa chini yasigonge. Wanazungumza kwa kunong'ona. Hakuna anayelia, hakuna anayecheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikufa siku yetu ya pili pale. Nesi akamfumba macho, akamvuta shuka, akaenda kumdunga mjomba sindano ya saa nne kwa sababu ilikuwa saa nne.

Nikasema moyoni, hawa si watu.

Nesi mwenyewe alikuwa anaitwa Naomi. Mama wa Kisambaa, kwao Dindira, Mlutheri, labda miaka thelathini na mitano. Mwembamba, ana sauti ya chini. Ndiye aliyekuwa na mjomba zamu ya mchana.

Mimi nilikuwa sina kazi ila kukaa kwenye benchi na kuangalia, na mtu asiye na kazi anaona mengi. Nikaanza kuona vitu.

Kabla hajaingia chumbani anasimama mlangoni, anaweka kiganja kwenye fremu, midomo inacheza. Kila mara. Akitoka zamu ananawa mpaka kwenye viwiko, halafu lile beseni hamwagi kwenye karo. Anatoka nalo nje mpaka kwenye shina la mchaichai nyuma ya jiko, anamwaga polepole, anasimama hapo kidogo.

Na chakula chetu hali. Mama Zaina alimpa ndizi, akashukuru, ndizi zikabaki dirishani siku mbili zikawa nyeusi. Nikampelekea maandazi mwenyewe, akasema asante kaka, akampa mfagiaji.

Kwetu mtu anayekataa chakula chako huku ameshika roho ya ndugu yako unamwangalia mara mbili.

Siku ya tano mjomba alikuwa vilevile. Nikaenda kunawa uso nyuma ya jiko, kwenye bomba. Upande wa pili wa ukuta nikasikia Naomi anaongea na matroni. Matroni alikuwa mama mmoja mtu mzima, Muislamu, watu wa Makuyuni, tulikuwa tunamwita Bi Mwanahamisi.

Naandika kama nilivyosikia, sijaongeza.

Matroni: "Siku ya tatu hii. Fungua, Naomi."

Naomi: "Yule mzee wa Handeni nimemfungia. Sifungui mpaka afungue mdomo."

Matroni: "Utakuja kuua mtu."

Naomi: "Sifungui, mama."

Wakuu, nilisema hakuna kitu kinanishangaza. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye viatu vyangu na sikuwa na habari.

Nikaenda kwa Mama Zaina nikamwambia mchawi tumempata, yuko humuhumu ndani na gauni jeupe. Mama Zaina aliniuliza kama nimesikia vizuri. Nikamwambia masikio yangu yanasikia mti unaolia kabla haujaanguka, yashindwe na mwanamke nyuma ya ukuta?

Lakini mimi ni mfanyabiashara. Kabla ya vita kuna mapatano. Nikamngoja Naomi pale kwenye mchaichai, nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba nimesikia yote. Nikamwambia amfungue mzee, na ataje bei yake.

Alishtuka. Akaona haya, akaangalia chini. Nikasema moyoni, umepatikana.

Akasema, "Hilo halikuwa la kusikiwa na mtu, kaka. Ni siri yangu."

Nikamwambia siri imetoka, afungue sasa.

"Nimeshasema sifungui mpaka afungue mdomo. Na bei sina. Mtu hafungi kwa hela."

Nikamuuliza kama ni huyu tu au kuna wengine.

"Wengi," akasema. "Toka nimehamishiwa chumba hiki nimewafungia wengi."

"Na walipona?"

"Wengine walipona." Akainua lile beseni lake. "Wengine walikufa nikiwa bado nimefunga."

Akaniambia hivyohivyo, bila kutetemeka sauti, akaenda zake.

Nyie mngefanya nini?

Mimi nilifanya hivi. Nilijua mganga mmoja upande wa Handeni ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kufungua watu waliofungwa. Nikaweka pikapu mafuta, nikatafuta wanaume wawili wa kubeba, nikatengeneza machela kwa nguzo mbili na gunia. Kesho yake saa tatu asubuhi nikaingia wodini.

Maneno ya daktari kuhusu kuhamisha nilikuwa nayakumbuka. Nikajiambia daktari naye atajuaje, hajui kama ana mchawi.

Sasa naomba niseme kitu kabla sijaendelea, maana niliahidi ukweli.

Zile siku zote kwenye benchi nilikuwa naona ile mbao. Msumari umeangalia juu. Nikifumba macho naiona. Nilipomsikia Naomi nyuma ya ukuta, hofu ilinishika, ni kweli. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa nafuu. Kama kuna mtu kamfunga mjomba, basi si mbao yangu.

Haya.

Tumefika mlangoni. Naomi kasimama, kiganja kwenye fremu. Akaona machela.

Ule ugomvi wakuu sijawahi kuona mwingine kama ule, maana tuligombana kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele mpaka soko la Korogwe wasikie, lakini nikipiga kelele nammaliza mjomba. Na yeye hivyohivyo. Tunatukanana midomo inagusa masikio, mate yanaruka, wale wanaume wangu wawili wameshika machela hawajui waangalie wapi.

Nikamnong'oneza atoke mlangoni. Akaninong'oneza hatoki. Nikamwambia wewe umemfunga mjomba wangu na mimi nampeleka kwa wa kumfungua. Akanikazia macho, na nikaona haelewi. Kweli kabisa haelewi.

"Nimemfunga na nini?"

"Mimi nikuulize wewe."

Bi Mwanahamisi akaja na kanga yake begani, naye pekupeku. Akatusikiliza sote wawili, huku sikio hili, huku sikio lile. Halafu akajaza kanga mdomoni. Nilidhani analia, kumbe anazuia kucheka.

Akanivuta shati, akaniambia sikioni, "We mwanaume. Amefunga kula. Saumu."

Nikamwambia Ramadhani iko mbali.

"Kwani Wakristo unadhani wanakula tu? Amefunga siku ya nne leo kumwombea huyo mzee wako. Anakunywa maji jioni, basi."

Nikawaonyesha wale wanaume wawili kwa mkono wasisogee.

Mimi kufunga nilikujua kwa mwezi wake na kwa watu wake. Mlutheri afunge, tena katikati ya mwaka, tena kwa ajili ya mzee wa Kizigua asiyemjua, hilo halikuwahi kupita kichwani mwangu hata mara moja. Neno nilikuwa nalo ila nililielewa la kwetu tu.

Na hapo hapo yule wa nyuma, kwa kuchoka kushika, akashusha nguzo ya machela. Ikagonga beseni la chuma lililokuwa ukutani.

Mlio ule nausikia mpaka leo.

Mjomba akakaza. Kisogo na visigino tu ndivyo vilivyogusa kitanda, katikati unapitisha mkono. Safari hii kifua nacho kikashika. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu.

Naomi aliingia mle ndani sijui saa ngapi, nilikuwa namwona mlangoni kisha namwona kitandani. Sindano. Akamgeuza ubavu. Akamsafisha mate kwa mpira. Akaweka sikio puani kwake akawa anahesabu kwa midomo bila sauti, Bi Mwanahamisi kashika mshipa wa mkono. Hakuna aliyepiga ukelele. Hakuna aliyelia. Ule ukimya wao niliouita roho ya chuma, ndio uliokuwa unamshikilia mjomba wangu upande huu.

Kifua kikaachia. Pumzi ikaingia na mlio kama wa msumeno kwenye ubao mbichi.

Naomi akasubiri zije pumzi kumi. Akaandika kwenye karatasi yake. Akatoka, akapita mbele yangu, akafika kwenye korido akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

Matroni na mimi tulimbeba. Mwepesi mno.

Tulimkalisha nyuma ya jiko. Hapo Bi Mwanahamisi alimsema na mimi nikiwepo, hakunifukuza, nadhani alitaka nisikie.

Alimwambia kwamba kazi ya chumba kile inakula mtu kwa ndani, na ndiyo maana kila nesi wake ana chake cha kujishikilia. Yeye mwenyewe ana rakaa mbili kwenye stoo ya mashuka kila mgonjwa anapofariki. Yuko mmoja kutoka Kwashemshi anaimba kwa pua akifua. Naomi ana mlango wake na mchaichai wake: mlangoni anaomba asiingie na hasira za nyumbani, kwenye mchaichai anamwaga maji ya siku ile asiende nayo kwa watoto wake. Na saumu yake pia aliijua siku nyingi, hajawahi kuikataza.

"Lakini ile saumu ilikuwa ya kukulinda wewe usigeuke jiwe," akamwambia. "Sasa umeigeuza mnada. Unamwambia Mungu sili mpaka unipe huyu. Na akifa? Utasema hukukaa na njaa ya kutosha? Nilikwambia utaua mtu. Ungeanguka na sindano mkononi je?"

Hapo Naomi akalia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona analia. Alisema wa kitanda cha pili alimfungia siku mbili tu kisha akala, na asubuhi yake mtu akafa. Akasema anajua haiendi hivyo, lakini tumbo lake halijui.

Bi Mwanahamisi akanigeukia. Akasema mimi ndiye niliyeleta vurugu, mimi ndiye nitakayemfuturisha huyu dada. Tena nisitume mtu. Na iwe leo, kabla adhuhuri haijaadhiniwa.

Nikaenda.

Sukari enzi hizo, wadogo zangu, haikuwepo. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na viberiti. Mimi Bwana Mbao, mtu wa pikapu, nilizunguka Korogwe mlango kwa mlango nauliza sukari kama ombaomba, mpaka mama mmoja nyuma ya stesheni akanipimia robo kwenye karatasi. Nikapata unga wa mtama. Maziwa chupa. Limau mbili. Jiko la hospitali wakaniazima sufuria na kuni, nikakoroga uji mwenyewe. Haukuwa mzuri, ulikuwa na madonge.

Naomi aliupokea kwa mikono miwili. Akafumba macho kidogo. Akanywa.

Na wakati anakunywa mimi nikasema. Hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia msumari ni wangu. Nikamwambia mjomba alinionya mara mbili nigeuze mbao na sikugeuza, na nilimwambia msumari tu huo. Sikuwa nimemwambia hata Mama Zaina.

Hakunipa pole. Hakunilaumu pia. Alimaliza kikombe, akafuta mdomo, akaniambia kama anayekabidhi zamu:

"Basi mimi nimefungua. Funga wewe."

Nilifunga, wakuu. Mimi niliyekuwa Ramadhani natafuta safari ili nile njiani. Alfajiri mpaka magharibi, siku moja baada ya nyingine, pale kwenye benchi. Na Bi Mwanahamisi alinipa sharti: nisimwambie Mungu amponye mzee ili anilipe njaa yangu. Niombe niwe mtu ninayeweza kuingia kile chumba na kukaa. Basi.

Niliweza. Kabla ya hapo nilikuwa nachungulia tu mlangoni. Nikaanza kuingia, pekupeku, nakaa gizani karibu na kitanda bila kumgusa. Mjomba ananiona. Mimi namwona.

Naomi alirudi kwenye saumu yake ya kawaida, siku moja kwa wiki, siku ya mapumziko, anakula vizuri siku za zamu. Matroni alimsimamia kama mtoto. Mlango na mchaichai viliendelea.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, Naomi anambadilisha mpira, taya likaachia. Kidogo, upana wa kidole. Mjomba akatoa sauti kama kutu. Naomi akainama asikie, kisha akaniita kwa mkono nije mimi.

Nikaweka sikio.

Akaniuliza, "Mbao umezigeuza?"

Sikuwa nimezigeuza. Nilimwambia zimegeuzwa. Kisha nikatoka nje, nikawasha pikapu, nikaenda mpaka Handeni, nikazigeuza zote na kung'oa kila msumari kwa mkono wangu, nikarudi magharibi nikafuturu na Mama Zaina kwenye benchi. Hapo nikawa simdanganyi tena.

Mjomba Mhina aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alitembea akichechemea kidogo na alinisumbua sana.

Nilichojifunza nitakisema kwa lugha yangu ya darasa la pili. Nesi wa mahututi ukimwona kakauka uso, usidhani ndani hakuna kitu. Ndani kumejaa, na kila mmoja ana njia yake ya kupunguza ili kesho aweze kurudi. Ukimwona kasimama mlangoni kimya, mpishe. Ukimwona kashika beseni kwenye maua, usimfuate. Na asipokula chakula chako, muulize kwanza.

Na nyie manesi mlioko humu, najua mpo, maana huwa mnasoma bila kukomenti. Ile ya kufunga kwa ajili ya mgonjwa ikigeuka deni, tafuta Bi Mwanahamisi wako akwambie fungua. Tuandikieni hapa chini, wewe chako cha kujishikilia ni nini? Wa bodaboda na wa mbao kaeni kimya kidogo leo, muwasikilize.

Kuna atakayeuliza mganga nilimpa ngapi na hospitali nililipa ngapi. Mganga sikufika. Hospitali zile enzi hizo hawakudai kitu. Hela niliyoshika mkononi kumwambia Naomi ataje bei nilirudi nayo mfukoni vilevile.

Nilichotoa ni unga wa mtama, maziwa, limau mbili na robo ya sukari. Shilingi sita na senti kumi na tano.